SOMO: Mtoto ana aleji ya chakula, nyumba nzima mle chungu kimoja

Habari zenu wapendwa. Leo naleta somo la jikoni kwa wenye watoto wenye aleji ya chakula, maana naona wengi tunahangaika kimya kimya, mtoto anapikiwa kisufuria chake pembeni, wenzake wanakula kisamvu cha karanga yeye anapewa wali na maharage, kesho hivyo hivyo, keshokutwa hivyo hivyo, mpaka anaanza kujiona ni mgonjwa. Mi msimamo wangu ni mmoja: nyumba ipike kile anachoweza kula mwenye aleji, wote mle hicho, na kinachomdhuru kiongezwe mwishoni kwenye sahani za wengine au kisiingie kabisa ndani. Gesi inatumika kidogo, hatari inapungua, na mtoto anakula sinia moja na ndugu zake. Wa kwangu ana aleji ya karanga na mayai kwahiyo mifano mingi itaegemea huko, ila utaratibu ni ule ule.

HATUA YA 1: Jua kwa uhakika kinachomdhuru

Usianze kukata vyakula kwa kubahatisha. Aleji mara nyingi inajionyesha haraka, dakika chache mpaka kama masaa mawili baada ya kula: mabaka yanayowasha, midomo au kope kuvimba, kutapika, kukohoa, kifua kubana. Andika kwenye daftari kala nini, saa ngapi, kikatokea nini, na yale mabaka yapige picha kwa simu maana ukifika hospitali mara nyingi yameshapotea. Kisha muone daktari wa watoto. Kipimo cha damu au cha ngozi peke yake hakitoshi, kinaweza kuonyesha mtoto ana aleji na kitu anachokula kila siku bila shida yoyote, ndio maana daktari lazima asikie na historia. Nasisitiza hapa kwa sababu kuna watoto wananyimwa maziwa, mayai, samaki na ngano vyote kwa pamoja kumbe ni vipele vya joto tu la hapa Dar, mtoto anakonda bure.

Vinavyosumbua zaidi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, jamii ya korosho, samaki, kamba na kaa, ngano, soya na ufuta. Chakula chochote kinaweza kuleta aleji lakini anzia kuangalia hapo.

HATUA YA 2: Tafuta kinapojificha

Hapa ndo penye kazi jamani. Karanga ya kwenye kifungashio cha karatasi unaiona, hiyo sio tatizo. Tatizo ni uji wa lishe. Unga wa lishe wa mtaani unakuwa na mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, wengine wanatia ngano, wengine dagaa, na kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake. Kwa mtoto mwenye aleji unga huo usiununue, tengeneza mwenyewe: ulezi na mahindi na mchele basi, utamu na mafuta utavitia wakati wa kupika, ndizi mbivu iliyopondwa na tui la nazi.

Na hata ukichambua nafaka zako vizuri nyumbani, ukazipeleka mashine ya kusaga ambayo aliyetangulia kasaga karanga na soya, umerudi pale pale. Unga wake umebaki ndani ya mashine na kwenye ule mfuko wa kitambaa pale unapotokea. Kumwambia mwenye mashine aipulize kwanza haisaidii. Tafuta mashine inayosaga mahindi peke yake, zipo, uliza tu. Hivyo hivyo kwa kisamvu cha kutwangwa cha sokoni, muulize anayeuza kama mashine hiyo hiyo inasaga na karanga, akisita sita nunua majani ukatwange mwenyewe.

Mafuta ya kukaangia nayo. Chips za barabarani zinakaangwa kwenye mafuta yaliyopita samaki, na kikaango cha chips mayai ndicho hicho hicho kinachopasha mishikaki. Mayai yako kwenye mayonaizi, kwenye keki, wengine wanatia kwenye maandazi na mkate wa kumimina. Maziwa yako kwenye biskuti na baadhi ya siagi za kopo, soma pakti, ukiona kaseini au wei hayo ni maziwa. Ufuta uko kwenye kashata na juu ya mikate. Uduvi unatiwa kwenye mboga za majani kuleta ladha, kwa mwenye aleji ya kamba ni sumu. Na pakti isomwe kila unaponunua hata kama ni ile ile ya siku zote, viwanda vinabadilisha mchanganyiko.

HATUA YA 3: Vyombo

Toa kisu cha blenda, angalia ule mpira wa chini yake. Kama blenda imewahi kusaga karanga utakuta kitu cha kahawia kimeng'ang'ania kwenye mkunjo wa mpira, na ukipitisha ukucha kinatoka kama gundi. Hicho ndicho kinachoingia kwenye juisi ya mtoto. Kwahiyo blenda ifunguliwe yote, ioshwe kwa sabuni na brashi, au mtoto awe na jagi lake.

Mwiko wa mbao, kinu, kibao cha kukatia, hivi vina vinyweleo na nyufa, kinachomdhuru mtoto mi sikitwangi humo. Sufuria za alminiamu na vyombo vya kauri laini vinaoshwa kwa sabuni na maji inatosha. Mikono pia, maji na sabuni, sanitaiza haiondoi karanga mkononi, inaisambaza tu. Na usidhani moto unamaliza, karanga iliyokaangwa au kuchemshwa ni karanga.

HATUA YA 4: Panga chakula ukianzia kwenye kilicho salama

Watu wanadhani aleji imewafungia chakula chote cha Kiswahili, wakati jiko letu la pwani limejaa nazi, mchele, mihogo na ndizi. Asubuhi: mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, chai ya rangi yenye tangawizi. Mchana ugali, matembele ya nazi, nyama ya kuchemsha ikakaangwa na vitunguu. Jioni wali na maharage ya nazi, au ndizi nyama.

Kisamvu bila karanga kinakuwa kitamu tu ukikipa muda. Kichemshe na tui jepesi na kitunguu mpaka kilainike kabisa, tui zito lije mwisho, koroga bila kuacha lisikatike, moto mdogo mpaka mafuta ya nazi yaanze kuonekana juu. Baba akitaka karanga, kama aleji ya mtoto sio kali na daktari kasema sawa, azitie kwenye bakuli lake mwenyewe. Kwangu hazilali ndani kabisa. Na tafadhali usibadilishe karanga kwa korosho, watoto wengi wenye aleji ya karanga wanasumbuliwa na korosho pia na mara nyingi zimekaangwa sehemu moja.

Vitumbua nawaandikia kabisa kwa sababu havina ngano, maziwa wala mayai, na mtoto anabeba shuleni. Mchele nusu kilo uloweke usiku kucha, chuja maji. Saga kwenye blenda na tui zito kama kikombe kimoja na nusu, uwe mlaini kabisa, uzito wa uji mzito. Tia hamira kijiko kimoja cha chai, sukari nusu kikombe, iliki. Funika, kwa joto letu saa moja unakuwa umeumuka na umejaa mapovu, usiukoroge tena. Kikaango kipate moto, mafuta kidogo kila shimo, mimina, ukiona pembeni pamekauka geuza. Kuna wanaotia kijiko cha unga wa ngano ili vishikane, ukisaga vizuri huhitaji.

Keki ya bila mayai, kila yai weka robo kikombe ya ndizi mbivu iliyopondwa. Inakuwa nzito kidogo, ila watoto hawaachi kitu.

HATUA YA 5: Waeleze watu

Dada wa kazi, bibi, mwalimu wa dei kea, jirani anayempa kila mtoto mtaani kashata. Dada muonyeshe kwa macho, karanga hii, unga huu, mwiko huu, na kwa nini. Bandika karatasi kwenye friji. Mtoto mwenyewe akifika miaka mitatu minne anaweza kufundishwa kusema "mama kasema niulize kwanza", na anashika kweli.

HATUA YA 6: Ikitokea

Mabaka tu, dawa ya aleji uliyoandikiwa na daktari, na unakaa naye macho. Lakini akianza kupumua kwa shida, sauti kukauka, kutapika mfululizo huku ana mabaka, au kulegea, dawa ya kunywa haiwezi kuzuia, anahitaji sindano ya adrenalini ya paja mara moja. Ukipewa ya nyumbani mchome hapo hapo halafu ndo safari. Huna, kimbia kituo cha karibu chenye nayo, sio hospitali kubwa iliyo upande wa pili wa foleni. Hii ijulikane kabla: nenda leo kaulize kituo chenu kama wanayo usiku na mchana. Mlaze, miguu juu, akishindwa kupumua mkalishe, usimsimamishe wala kumtembeza. Ndio maana bajaji au gari ni bora kuliko boda. Na hata akipata nafuu msikimbilie nyumbani, inaweza kurudi baada ya masaa.

MASWALI YA WADAU

Mama wa Tabata: Asante kwa somo dada. Mwanangu wa miezi 14 ana aleji ya maziwa ya ng'ombe, mama mkwe anasema nimpe ya mbuzi ndo mepesi. Nifanyeje?

Jibu: Usimpe mpendwa. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana sana na za ng'ombe, watoto wengi wanadhurika vile vile. Hata yale yasiyo na laktosi (sukari ya maziwa) bado yana protini. Na tui la nazi ni zuri kupikia lakini sio mbadala wa maziwa kwa mtoto mdogo hivyo, protini na kalsiamu ni kidogo mno. Ongea na daktari kuhusu maziwa maalum, kama bado unanyonyesha endelea, na kama samaki hawamsumbui dagaa wa kusagwa na mifupa yake wanampa kalsiamu. Mama mkwe nenda naye kliniki, asikie kwa daktari, itamuingia zaidi kuliko wewe kubishana naye.

Baba wa Mbagala: Sisi tuko sita na kipato ni cha kuunga unga. Dagaa ndo kitoweo chetu na wa mwisho ana aleji ya samaki. Kupika mara mbili siwezi.

Jibu: Kaka usipike mara mbili. Maharage, kunde, choroko, mbaazi za nazi, hivyo navyo ni kitoweo. Siku za dagaa, ugali na mboga viive kwanza na mtoto apakuliwe, dagaa zikaangwe mwisho, nje, kikaango chao na mafuta yao, yasirudi kwenye chupa. Nasema nje kwa sababu wapo watoto ambao hata mvuke wa samaki anayekaangwa unawaletea shida. Yeye na maharage yake ya jana mnakula pamoja.

Mdau wa Kimara: Bibi yake anampa yai kidogo kidogo kwa siri, anasema atazoea.

Jibu: Mwambie aache leo. Kuzoesha kupo kweli, lakini kunafanywa na madaktari, kwa vipimo maalum, na sindano iko pembeni. Tena watoto wengi wa mayai na maziwa aleji inaisha wanavyokua, na kuna wanaovumilia yai lililookwa kwenye keki ila la kukaanga hapana. Kujaribu huko kufanyike hospitali.

Mama kijacho, Kigamboni: Wa kwanza ana aleji ya karanga. Huyu anayekuja nimfiche karanga mpaka akue?

Jibu: Hapana, zamani ndo walishauri hivyo. Kuna utafiti wa Uingereza ulitoka 2015, watoto zaidi ya 600 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai, walioanzishiwa karanga mapema wakiwa wachanga aleji ya karanga iliwapata wachache sana kuliko walionyimwa, ilipungua kwa asilimia 80 hivi. Kwahiyo akimaliza miezi sita ya kunyonya akianza kula, karanga laini iliyochanganywa kwenye uji inaruhusiwa, nzima hapana mpaka miaka mitano maana zinapalia. Ila kwa kuwa ana ndugu mwenye aleji, na akitoka na pumu ya ngozi, daktari amuone kwanza. Na mkubwa awe mbali wakati wa kulisha, mikono ioshwe, bakuli lioshwe.

Mdau wa Sinza: Nazi si jamii ya korosho? Naogopa.

Jibu: Wengi wenye aleji ya korosho wanakula nazi vizuri. Wachache wana aleji ya nazi yenyewe. Kama alishakula hana shida usimkatie.

Mama wa Buguruni: Kinu changu kilishatwangia karanga miaka. Nikichemshia maji ya moto na chumvi kitafaa kwa mtoto?

Jibu: Hapana dada. Kiache kwa shughuli nyingine au mpe ndugu, nunua kidogo kipya cha mtoto na mchi wake, kipake rangi kwa chini ili asichanganye mtu.