Jinsi ya kuandika ruhusa ya wazi ili fanfiki zako zisomwe kwa sauti

Waandishi wa fanfiki, yaani hadithi za mashabiki kuhusu wahusika wa vitabu, filamu na kadhalika, nawaomba dakika chache, hasa nyie mnaoweka kazi zenu AO3 (Archive of Our Own, tovuti ya kuhifadhi fanfiki). Mi ni msomaji, nachukua hadithi ya mtu, naisoma kwa sauti, narekodi, naweka audio watu wasikilize, ndo hiyo tunaita podifiki. Na kitu kinachotukwamisha kuliko maiki mbovu na kelele za mtaani ni ruhusa.

Mwaka jana nilikuta hadithi moja ya maneno kama elfu 18, nzuri mpaka nikaisoma mara mbili usiku mmoja, nikamwandikia mwandishi komenti kumuomba ruhusa. Kimya. Nikasubiri miezi nane nikaandika tena, kimya. Alikuwa hajaposti kitu tangu 2017, labda hata imeili aliyojiungia nayo hafungui tena, na kwetu wasomaji kimya maana yake hapana, hurekodi. Hadithi ile mpaka leo haina sauti. Wiki hiyohiyo nikakuta mwandishi mwingine naye kapotea miaka, ila kwenye profaili kaacha sentensi mbili tu, kwamba yeyote anaruhusiwa kurekodi kazi yake yoyote mradi amtaje jina na aweke linki. Nilianza kurekodi usiku uleule! Binamu yangu ni fundi cherehani, macho na mikono viko kwenye kitambaa kutwa nzima, hana muda wa kusoma simu, aliisikiliza yote huku anashona sare za shule.

Hizo sentensi mbili ndo ruhusa ya wazi. Unasema mara moja, mapema, kwa kila mtu, ili asiyekujua asihitaji kukutafuta. Na iandike sasa hivi ukiwa bado upo, kwa sababu anayeihitaji zaidi ni yule atakayekuja ukiwa umeshaacha kuingia.

Kwanza amua ni kazi zipi. Nakushauri uandike "zote nilizoandika na ntakazoandika", usisahau hilo la mbele, la sivyo kila ukiposti mpya watu wanabaki kujiuliza. Kama kuna hadithi hutaki iguswe, labda ni ya maisha yako sana, itaje kwa jina. Na zile ulizoandika na mwenzio muulize kwanza, nusu ya ruhusa ni yake.

Alafu mabadiliko, na hapa tulia kidogo maana ndo watu wanaandika juujuu afu baadae wanaumia. Maandishi na sauti haviendi sawa. Umeandika sehemu ambapo wahusika wanatumiana meseji zenye emoji kumi, sasa mi nazisomaje? Umeweka maelezo chini ya ukurasa, niyasome katikati ya sentensi au niyaache mwisho? Kama nampa kila mhusika sauti yake, hizo "alisema, akajibu" kila mstari zinachosha sikio, wasomaji wengi wanapenda kuziruka. Kuna anayeongeza muziki na mlio wa mvua, kuna anayetaka kufupisha, kuna wanaosoma watu watano pamoja kama mchezo wa redio. Mwandishi mmoja yote hayo anafurahia, mwingine neno moja likiruka roho inamuuma, na wote wana haki. We sema tu uko upande gani. Ukiandika "mabadiliko madogo ya kusaidia kusoma yanaruhusiwa, usibadilishe matukio wala mwisho" umeshatuondolea wasiwasi mwingi sana.

Kuhusu hela, kwa ufupi: hakuna kuuza. Ruhusa yako inagusa maneno yako tu, wahusika wana wenyewe, na AO3 yenyewe hairuhusu biashara. Lakini liandike, kwa sababu kuna watu wanasoma fanfiki YouTube na matangazo yanapita juu yake. Kama hutaki matangazo, sema hivyo hivyo. Pia ujue AO3 haihifadhi faili la sauti, msomaji analipandisha kwingine, mara nyingi Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, afu AO3 anaweka ukurasa wenye linki. Kwa hiyo ukiandika "iwekwe AO3 tu" utakuwa umetufungia mlango bila kukusudia.

Siku hizi ongeza na la sauti za mashine. Kuna programu zinasoma maandishi zenyewe, na kuna mwandishi anayependa hadithi yake isomwe na binadamu aliyeipenda tu. Mi niko upande huo kabisa, lakini maamuzi ni yako, kikubwa usiache tukisie.

Kitu kingine, kuwa makini na "niulize kwanza". Ukiliweka hilo, ruhusa imeshafungwa, tumerudi palepale kwa yule wa 2017. Kama unachotaka ni kujua tu, andika "ningependa unitumie linki ukimaliza". Unataarifiwa, na hata usipojibu kazi inaendelea.

Mfano huu hapa, chukua ubadilishe upendavyo:

"Naruhusu mtu yeyote kurekodi kwa sauti fanfiki zangu zote, za zamani na zijazo, bila kuniomba. Taja jina langu na uweke linki ya hadithi. Unaweza kuruka 'alisema' na kuongeza muziki, usibadilishe matukio. Weka popote watu wanaposikiliza bure, bila kuuza na bila matangazo. Sauti iwe ya binadamu. Ningefurahi kupata linki ukimaliza. Nikibadili mawazo, rekodi zilizokwishatoka zitabaki, na ruhusa hii inaendelea hata nikiacha kutumia akaunti."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifute. Mtu anatumia wiki tatu kurekodi na kukata makosa, hadithi ya Kiingereza ya maneno elfu 9 tu inatoka kama saa nzima ya kusikiliza, na kila saa ya kusikiliza ina masaa kadhaa ya kazi nyuma yake, anahitaji kujua hautamwambia kesho afute. Na ruhusa ya kurekodi sio ruhusa ya kutafsiri, kama unaruhusu na hiyo ongeza mstari wake.

Sasa uiweke wapi? Profaili ndo watu wanaangalia kwanza, lakini usiishie hapo. AO3 ukiamua kuiacha kazi yako yatima, hadithi inabaki ila jina lako linatoka na profaili yako haiunganishwi nayo tena, kwa hiyo ruhusa iliyokaa profaili peke yake inapotelea hukohuko. Iweke pia kwenye noti za mwanzo za kila hadithi, hata mstari mmoja, yenyewe inabaki na kazi. Ongeza na tagi ya Podfic Welcome, yaani podifiki zinakaribishwa, wasomaji tunaitafuta kwa tagi hiyo. Kama unaandika kwa Kiswahili, weka ruhusa kwa Kiswahili na Kiingereza, asiyejua Kiswahili hataisoma hadithi yako ila akiielewa ruhusa anaweza kumtuma rafiki yake anayekijua. Na kama unataka mtu wa kusimamia akaunti siku haupo tena duniani, AO3 wana utaratibu wa kumteua, lazima naye awe na akaunti pale.

Rekodi ya kwanza ikija utapata taarifa kwamba kuna kazi imetokana na yako. Ikubali, maana linki haitokei kwenye ukurasa wa hadithi yako mpaka uikubali, na nimeona waandishi wengi wanaiacha inakaa tu bila kujua. Alafu chukua earphone zako usikilize hata dakika kumi, umwachie msomaji komenti umwambie ni sehemu gani alikusomea vilevile ulivyokuwa unaisikia kichwani wakati unaandika.