Jinsi ya kuzisikiliza upya albamu za Boston zilizofanyiwa rimasta

Kama uliwahi kuipenda Boston, bendi ya roki ya Marekani, halafu ukaiacha miaka mingi, au unaijua kwa ule wimbo mmoja tu unaopigwa redioni, ipo sababu nzuri ya kurudi. Albamu zao mbili za kwanza, ile ya 1976 yenye jina la bendi na Don't Look Back ya 1978, zilitolewa upya 2006 na rimasta (kazi ya kuisafisha na kuipanga upya sauti ya kanda ya zamani) kaifanya Tom Scholz mwenyewe, yaani yule yule aliyepiga karibu magitaa yote na kurekodi sehemu kubwa ya albamu ya kwanza kwenye chumba cha chini ya nyumba yake huko Watertown, Massachusetts, huku mchana akiwa injinia wa kampuni ya kamera ya Polaroid. Hiyo haitokei sana. Mara nyingi rimasta anapewa fundi ambaye hakuwepo kabisa siku kanda inarekodiwa. Ila sasa watu wengi wanabonyeza tu, wanasikiliza nusu dakika, mmoja anasema mbona ni ile ile, mwingine anasema hii kali zaidi, kumbe ina sauti kubwa tu. Mimi nafanya hivi.

Hatua ya 1: jua rimasta inagusa nini. Rimasta sio miksi mpya. Fundi anachukua kanda ya mwisho, ile ambayo ala zote zimeshachanganywa kushoto na kulia, anarekebisha besi na sauti za juu, anapanga ukubwa wa sauti, anasafisha kelele, basi. Hawezi kuchomoa dramu peke yake akaipandisha. Kwa hiyo usitegemee gitaa jipya ambalo halikuwepo, tegemea kusikia vizuri lile ambalo lilikuwa limefunikwa.

Hatua ya 2: pata matoleo mawili. CD ya zamani ya miaka ya 80 kwa upande mmoja, ya 2006 kwa upande mwingine. Angalia maandishi madogo nyuma ya kasha, ukiona 2006 ndiyo yenyewe. Kwenye strimu unaweza kukuta limewekwa toleo moja tu na wala halijaandikwa ni lipi, ndio maana CD ya mtumba bado ina kazi yake. Zihamishie kwenye kompyuta kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti, usitumie MP3 kwa kazi hii.

Hatua ya 3, na hapa ndipo watu wanapopotea: sawazisha ukubwa wa sauti kabla hujahukumu chochote. Sikio la binadamu linapenda chenye sauti kubwa, ukipandisha kidogo tu, hata desibeli moja, ubongo hausemi imeongezeka sauti, unasema ina uhai zaidi, ina besi zaidi, iko wazi zaidi, na rimasta nyingi tangu miaka ya 90 zimepandishwa sana kuliko CD za mwanzo, kwa hiyo ukizilinganisha hivi hivi ile mpya inashinda hata kama imeharibiwa. Fungua nakala za mafaili yote mawili kwenye Audacity, programu ya bure, chagua Loudness Normalization uyaweke yote kwenye -20 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), halafu sevu kwa jina jingine. Kabla hujafanya hivyo lakini, kodolea macho mchoro wa sauti. Ukiona vilele virefu vimechomoza juu ya vingine maana yake dramu imeachwa ipumue, ukiona mstari mnene umekatwa sawa juu na chini kama tofali, hiyo sauti imebanwa. Anayesikiliza Spotify aende kwenye mipangilio aache usawazishaji wa sauti umewashwa, inasaidia sana tu.

Hatua ya 4: zima ekwalaiza (kile kirekebisha besi na sauti za juu), zima vikorombwezo vyote vya kuongeza besi, tumia hedifoni za waya. Bluetooth inaminya sauti tena na hapa tunatafuta vitu vidogo.

Hatua ya 5: chagua sehemu chache uzirudie, usilinganishe wimbo mzima kwa mkupuo kwa sababu kumbukumbu ya sikio ni fupi mno. Anza na mwanzo wa More Than a Feeling, wimbo wa kwanza wa albamu ya 1976, lile gitaa la akustika linaloingia taratibu kutoka kimya. Sikiliza nyuzi zinavyoguswa na sikiliza pia mvumo wa kanda nyuma yake, mvumo kidogo sio ubaya, fundi akiufuta kwa nguvu anaondoka na hewa ya gitaa. Kisha nenda pale mwimbaji wao Brad Delp anapopanda juu kabisa na gitaa linapokea noti yake kuingia kwenye solo. Pale ndio kipimo changu kikubwa! Kwenye toleo zuri husikii ukali wa kuchoma sikio, unasikia sauti ya mtu inageuka kuwa gitaa bila mshono. Halafu hamia kwenye viitikio, zile sauti zote zilizopangwa juu ya nyingine ni Delp mwenyewe kajirekodi tena na tena, jaribu kuifuata moja ya chini tu mpaka mwisho, ukiweza kuifuata basi rimasta imefanya kazi yake. Mwisho matoazi ya dramu, yalie kama shaba, yasiwe mchakacho mtupu.

Hatua ya 6: achana na kulinganisha, sikiliza albamu nzima ya 1976 kwa mpangilio wake. Haifiki hata dakika 40. Ilipangwa kwa santuri yenye pande mbili, upande wa kwanza una nyimbo tatu tu na unafungwa na Foreplay/Long Time, ala zinakimbia, kinanda kikiongoza, zaidi ya dakika mbili kabla mtu hajaimba, ukiichanganya kwenye plelisti ile safari yote inakufa. Ukimaliza upande wa kwanza pumzika kidogo ndio uendelee na Rock & Roll Band. Hitch a Ride usiiguse mpaka iishe, magitaa ya mwisho ndiyo wimbo wenyewe kwa maoni yangu.

Hatua ya 7: siku nyingine weka Don't Look Back, fupi zaidi, na The Journey usiiruke eti kwa sababu haina maneno, ni tulivu na ndipo utakapojua kama kelele zimesafishwa kwa adabu. Ukitaka kuendelea na albamu yao ya tatu, Third Stage ya 1986, endelea, ila ile haikuwemo kwenye kazi ya 2006, kwa hiyo rudi hatua ya 3 usawazishe sauti upya kabla hujaiweka pembeni ya hizi mbili.