Jogoo hapandi mtungi? Kabla hujanunua vumbi la Kongo anza hapa

Huku Kigoma vumbi la Kongo, ile poda ya kuongeza nguvu za kiume, halijifichi, ukishuka Kibirizi au ukipita Mwanga sokoni lazima mtu akuvute pembeni "bro njoo nikupe kitu". Na mimi nilishanunua, sitaki uongo. Nililamba kijiko kimoja, baada ya kama nusu saa uso ukawaka moto, pua ikaziba, kichwa kinagonga kama fundi anapiga bati. Mnara ulisoma, ila baadae nikaja kujua zile dalili ndo zile zile za sildenafil, yani Viagra, maana poda za "asili" huwa zinachanganywa nayo kimyakimya na hujui umepewa kiasi gani. Muuzaji hakuniuliza hata kama nina presha.

Sasa elewa kwanza mashine yenyewe. Chukua gurudumu la baiskeli, ndani kuna tyubu, nje tairi. Uume nao una tyubu mbili za nyama kama sponji zimelala sambamba, zimevikwa utando mgumu, hilo ndo tairi. Muda mwingi vimisuli vya ndani ya sponji vimekaza, damu inapita kidogo tu, ndo maana umelala. Ukiguswa au ukiwaza mambo, mishipa ya fahamu inamwaga gesi inaitwa naitriki oksaidi (waliogundua kazi ya hii gesi kwenye mishipa ya damu, Wamarekani watatu, walipewa Nobel 1998, mwaka huo huo Viagra ikaingia sokoni), gesi inaleta kemikali ya cGMP, vimisuli vinalegea, damu inajaa, tyubu zinavimba mpaka zinaibana kwenye tairi mishipa ya kurudisha damu na upepo hautoki tena. Watu wanadhani kusimama ni kukaza kumbe ni kulegea. Baadae kimeng'enya cha PDE5 kinaivunja cGMP, bas mchezo umeisha. Sildenafil inakizuia tu hicho PDE5, kwaiyo kama hamu haipo kabisa utasubiri sana.

Na ndo maana woga unaua show. Ukianza kuwaza "leo nitaweza kweli?" adrenalini inapanda, vimisuli vinakaza, tyubu inabaki tupu.

Cha kufanya: wiki mbili hizi chunguza alfajiri ukiamka. Mwanaume mzima kwa kawaida anasimama mara 3 mpaka 5 usiku akiwa usingizini, hata bila kuota mapenzi. Kama asubuhi jogoo anawika vizuri ila mbele ya mwenza anagoma, mara nyingi bomba ni zima, tatizo lipo kichwani, stress, madeni, ugomvi wa ndani, kaeni mzungumze. Kama hata asubuhi kimya, kapime presha na sukari, usibishane. Presha ikirudia kusoma 140/90 kwenda juu, au sukari kabla hujala chochote ikafika 7 (mmol/L), mishipa yako inaharibika na mshipa wa kule chini ni mwembamba, milimita 1 mpaka 2, wa moyo ni 3 mpaka 4, kwaiyo chini kunaziba kwanza. Kuna watu moyo umekuja kuwasumbua miaka michache baada ya jogoo kugoma, wao walikuwa bize na mizizi.

Sigara acha, hapo sina lugha laini, inaharibu mishipa ile ile. Pombe punguza. Na kama unameza dawa za presha au za msongo wa mawazo mwambie daktari, zingine zinachangia, ila usiziache mwenyewe.

Akikuandikia sildenafil mwambie kabisa kama una dawa za moyo za jamii ya naitreti, hizo mbili zikikutana presha inashuka ghafla na unaweza kufa. Na ikisimama zaidi ya saa 4 haitaki kulala usijisifie kwa washkaji, nenda hospitali usiku huo huo, damu ikituama humo nyama inaharibika moja kwa moja.