Kukadiria ukali wa GIST kwa CT: ninavyoisoma picha hatua kwa hatua

GIST ni uvimbe unaoota kwenye ukuta wa njia ya chakula, na una uhusiano na seli za Cajal, zile zinazoupa utumbo mdundo wake. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wanao kwenye mfuko wa chakula. Wengi wa waliobaki, kwenye utumbo mwembamba. Ukali wake hukadiriwa kwa mambo matatu: ukubwa, mahali ulipo, na wingi wa seli zinazogawanyika, yaani mitosi. CT, mashine ya eksirei inayoonyesha mwili vipande kwa vipande, inakupa mawili ya kwanza. La tatu ni la mtu wa patholojia na darubini yake. Picha hulidokeza tu.

Hatua ya 1: Tumbo liwe tupu, kisha lijae maji

Mgonjwa asile kwa saa 6. Rahisi kusema. Mama mmoja wa Mbagala aliniapia hajala, lakini kwenye picha mfuko wa chakula ulikuwa na madonge yanayofanana kabisa na uvimbe.

"Mama, kweli hujala?"

"Sijala, daktari. Nimekunywa chai tu."

Chai na vitumbua vitatu. Kwetu kula ni wali au ugali. Vitumbua vinahesabiwa kwenye chai. Siku hizi nauliza hivi: "Umekunywa chai na nini?"

Angalia kreatinini, kipimo cha damu cha figo: ikiwa nzuri, atachomwa dawa ya mshipani inayong'arisha picha. Kisha mpe maji ya kawaida, mililita 500 hadi 1,000, anywe muda mfupi kabla ya kupanda mezani. Maji hutanua ukuta na hayafichi kidonda kilicho juu ya uvimbe, tofauti na dawa nyeupe ya kunywa.

Hatua ya 2: Piga awamu tatu

Kabla ya dawa ya mshipani, sekunde 35 hivi baada ya kuichoma, na sekunde 70. Hifadhi vipande vya milimita 1 hadi 1.5. Na tafadhali, filamu iliyopigwa picha kwa simu dirishani ikatumwa WhatsApp haipimiki. Omba CD.

Hatua ya 3: Pima pande zote tatu

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Niliwahi kupima uvimbe kwenye mkato wa mlalo peke yake, nikapata sentimita 4.6, nikaandika ripoti, nikaenda zangu. Mwenzangu akautazama kwa mkato wa mbele, unaoonyesha mwili toka juu hadi chini: 6.1. Ulikuwa unaning'inia kuelekea chini kama embe. Mipaka inayotumika ni sentimita 2, 5 na 10, kwa hiyo nilikuwa nimeushusha daraja zima. Andika kipimo kirefu kuliko vyote.

Kisha taja mahali bila kubahatisha. Katika takwimu za wanapatholojia Miettinen na Lasota za 2006, kwa uvimbe wa zaidi ya sentimita 5 hadi 10 wenye mitosi zisizozidi 5 kwa viwanja 50 vya darubini, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 3.6 ya wenye uvimbe kwenye mfuko wa chakula, na asilimia 24 ya wenye uvimbe kwenye jejunamu au ileamu, sehemu za utumbo mwembamba. Ukubwa uleule! Kwa hiyo "uvimbe tumboni" si jibu. Ukiona umegusana na mfuko wa chakula na utumbo pia, fuata mishipa inayoulisha mpaka ujue ilikotoka.

Hatua ya 4: Kingo na ndani

Kingo laini na mng'ao wa aina moja baada ya dawa vinatia moyo. Kingo zenye mabonde, kidonda, mishipa minene pembeni na mafuta yaliyochafuka vinaongeza shaka. Palipo giza weka duara la kupimia Hounsfield, namba ya weupe au weusi wa picha, lisiguse ukingo: kama kabla ya dawa ni 20 na baada yake 22, damu haifiki hapo. Ila uvimbe mkubwa unaweza kufa katikati hata mitosi zikiwa chache, basi usiuhukumu mara mbili kwa kosa moja.

Hatua ya 5: Toka nje ya uvimbe

Kagua ini na utando wa tumbo, maana huko ndiko GIST husambaa. Tezi za limfu huguswa mara chache. Zikiwa nyingi na kubwa, fikiria limfoma, yaani saratani ya tezi hizo, au saratani nyingine. Ukiona dalili za kupasuka, kama damu pembeni, usisubiri ripoti ichapwe. Mpigie simu daktari wa upasuaji.

Hatua ya 6: Kompyuta

3D Slicer ni ya bure. Unauchora uvimbe kipande kwa kipande, nayo inakutolea namba za umbo na mwonekano wake. Naitumia kujifunza, siiweki kwenye ripoti. Namba hizo hubadilika ukibadili mashine au unene wa vipande, na modeli iliyofunzwa kwa picha za kwingine haijui mashine yetu.

Hatua ya 7: Ripoti

Siandiki "mpole" wala "mkali". Naandika hivi:

"Uvimbe wa ukuta wa jejunamu, sentimita 6.1 kwa mkato wa mbele, kingo zina mabonde, katikati kuna eneo lisilopokea dawa, sentimita 2. Ini na utando wa tumbo ni safi. Hakuna dalili ya kupasuka. Unafanana na GIST. Kwa ukubwa na mahali, hatari si chini ya wastani. Mitosi: zisubiriwe kutoka patholojia."