Kupima pumzi ya darasa zima kwa simu moja

Kwa walimu wa michezo Arusha: simu moja na spika ya bluetooth vinatosha. Pakua programu ya mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa mlio (mtoto hukimbia kati ya mistari miwili, afike kabla ya mlio, na kila hatua milio huzidi kuharakishwa), kisha ijaribu ukiwa umezima data, maana nyingine hugoma bila bando. Weka simu hali ya ndege halafu uwashe tena bluetooth. Vinginevyo mtu akipiga, mlio unakatika na mbio zimeharibika.

Mita 20 pima kwa futi kamba. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na kwa umbali mfupi hivyo kosa hilo ni kubwa mno. Chora mistari kwa chokaa, fagia changarawe pale wanapogeukia (hapo ndipo watoto huteleza).

Angalia mwendo wa kuanzia: kuna programu za kilomita 8 kwa saa na za 8.5. Shika moja mwaka mzima, la sivyo matokeo hayalinganishiki. Anayechelewa mlio mara 2 mfululizo anatoka. Mwenzake anaandika hatua aliyofikia daftarini. Mwenye pumu akae na dawa yake karibu. Na mji uko mita kama 1,400 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi huisha mapema, kwa hiyo msijipime na shule za Tanga, kule pwani.