Jinsi ya kushona foronya isiyo na zipu wala vifungo

Foronya ni kazi nzuri kwa anayeanza kushona, maana mishono yake yote imenyooka. Hii ni ya kipande kimoja cha kitambaa, na mdomo wake unafunikwa na ulimi unaoingia ndani. Vipimo ni vya mto wa sentimita 50 kwa 70.

1. Chagua kitambaa. Chukua pamba tupu. Poliesta haijikunji ovyo, lakini hainywi jasho, na shavu litalala juu yake usiku kucha. Kiinue kitambaa kwenye mwanga: ukiona vitundu kila mahali, kiache, mishono itaachia.

2. Fua kabla ya kukata. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Foronya zangu za kwanza nilizikata kitambaa kikiwa kipya. Zilipofuliwa mara moja zikarudi, mto ukawa unajipinda ndani na pembe zikachanika. Pamba inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5, na kwa kawaida hurudi zaidi upande wa mtande, yaani urefu wa jora. Kwenye sentimita 70, asilimia 5 ni sentimita 3 na nusu! Kifue kwa maji ya joto lile lile utakalotumia siku zote, kianike, kipige pasi.

3. Kata kipande cha sentimita 166 kwa 53, urefu ukifuata urefu wa jora.

4. Pinda ncha mbili fupi. Kunja sentimita 1, piga pasi, kunja tena sentimita 2, piga pasi, kisha shona karibu na ukingo wa ndani wa pindo. Usiruke pasi, pindo lililopigwa pasi halitembei chini ya sindano.

5. Kunja. Tandaza kitambaa, uso wake, yaani upande utakaoonekana, ukitazama juu. Kutoka ncha moja pima sentimita 20, weka alama ya chaki. Lete ncha ya pili hadi kwenye alama, uso kwa uso. Sasa kunja zile sentimita 20 zije juu yake. Huo ndio ulimi. Lazima uwe wa mwisho kukunjwa, la sivyo utatokea nje. Bana kwa pini au piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda.

6. Shona pande mbili ndefu, sentimita 1 na nusu kutoka ukingoni. Kwa cherehani, sindano namba 80 na mshono wa milimita 2.5 vinatosha. Kwa mkono, kila pigo lirudi nyuma hadi lilipoishia lililotangulia. Penye ulimi kuna tabaka tatu na ndipo mkono hupita ukivaa mto, kwa hiyo rudia pale mara mbili. Kingo zizungushie zigizaga zisichambuke.

7. Geuza, sukuma pembe taratibu kwa penseli butu, piga pasi. Ingiza mto hadi mwisho, kisha ufunike kwa ulimi.