Mgonjwa Mwislamu na Viambato vya Dawa: Mwongozo kwa Wauguzi na Wafamasia

Mgonjwa Mwislamu mwenye wasiwasi juu ya kilichomo ndani ya dawa mara nyingi hasemi neno. Huipokea, hushukuru, akifika nyumbani huiweka kabatini, nawe unapokutana naye tena akiwa hoi unadhani dawa ndiyo iliyoshindwa. Kwa sababu hiyo swali liulizwe na mtoa huduma, tena kabla dawa haijaandikwa: "Mama, kuna kitu chochote usichokitumia kwa sababu ya dini, ili tukizingatie tunapokuchagulia dawa?" Waulize wagonjwa wote bila kuangalia kanzu wala buibui, kwani Msabato naye hali nguruwe, na Mhindu huenda asikubali kitu kilichotokana na ng'ombe.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni ganda la kapsuli, zile ambazo wengi huziita "rangi mbili". Maganda mengi hutengenezwa kwa jelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Kumwambia mgonjwa kwamba ni ya ng'ombe hakumalizi jambo, kwa sababu atataka kujua kama ng'ombe huyo alichinjwa kisheria, na ni haki yake kuuliza. Yapo pia maganda ya haipromelosi, yanayotokana na mimea. Baadhi ya dawa za maji huwa na alkoholi ya kuyeyushia kiambato. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hutolewa kwenye utando wa utumbo wa nguruwe, na enoksaparini hutengenezwa kutokana na heparini hiyohiyo. Vimeng'enya vya kongosho, vinavyotolewa kama dawa ya kusaidia kusaga chakula, navyo hutokana na nguruwe. Kuhusu insulini, wapo wazee wanaoendelea kuiogopa kwa sababu zamani ilitoka kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Waeleze waziwazi kwamba insulini ya binadamu inayotumika siku hizi huzalishwa na bakteria au hamira iliyobadilishwa vinasaba.

Ili kupata uhakika, soma orodha ya viambato kwenye karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi. Mara nyingi utakuta imeandikwa "jelatini" tu, bila kutajwa mnyama. Hapo usikisie, bali wasiliana na msambazaji au mtengenezaji, kisha uandike jibu kwenye daftari la duka au la wodi pamoja na jina la mtengenezaji na namba ya toleo, kwa sababu dawa ileile kutoka kiwanda kingine inaweza kuwa na viambato tofauti.

Kazi kubwa ni kutafuta mbadala, na kwa dawa za kila siku mbadala hupatikana bila shida. Mtu mzima aliyeandikiwa amoksilini kapsuli mbili za miligramu 250 anaweza kupewa vidonge viwili vya kuyeyusha majini vya kiasi hichohicho, vilevile wanavyopewa watoto wenye nimonia. Doksisaiklini ipo ya vidonge, na badala ya omeprazoli ya kapsuli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, daktari anaweza kuandika pantoprazoli ya vidonge. Wapo wanaofungua kapsuli na kumimina unga peke yake. Wasifanye hivyo kabla ya kumuuliza mfamasia, maana chembe za omeprazoli, kwa mfano, zimepakwa utando wa kuzikinga na asidi ya tumbo na hazipaswi kusagwa wala kutafunwa. Mama anayesita kuhusu matone ya vitamini A aonyeshwe jinsi ncha ya kapsuli inavyokatwa kwa mkasi na mafuta kukamuliwa mdomoni mwa mtoto, ganda likatupwa.

Ugumu huja pale ambapo mbadala haupo au haumfai mgonjwa. Fondaparinuksi, kwa mfano, ambayo nayo huzuia damu kuganda kama heparini, haitokani na mnyama, lakini haifai kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofika sana. Mgonjwa akiuliza hukumu ya dini, unaweza kumweleza kwamba aya ya 173 ya Surat Al-Baqara inazungumzia aliyefikwa na dharura, na kwamba mwaka 1995 wanazuoni waliokutana Kuwait walisema jelatini iliyokwisha kugeuka kabisa kutoka asili yake ni halali. Mwambie pia kwamba si wanazuoni wote wanaokubaliana na rai hiyo. Usivuke hapo, kwani fatwa si kazi yetu, hata kama wewe mwenyewe ni Mwislamu. Mpe nafasi ampigie simu shekhe anayemwamini, na umweleze kwa lugha nyepesi dawa inafanya nini na kuchelewa kuna hatari gani, ili shekhe naye ajibu akiijua hali halisi. Akikataa baada ya kuelewa, andika kwenye faili alichoelezwa na alichojibu, mpe tiba anayoikubali hata kama ni dhaifu zaidi, na umpangie tarehe ya karibu ya kurudi.